Kabla ya kujiita haka, jua kadi ya VM yako imechomekwa wapi

Wacha nianze kwa kuungama. Mwaka jana niliua intaneti ya ploti nzima hapa Kisauni, halafu nikanyamaza kama maji ya mtungi kwa siku mbili, jamaa wa WiFi akibeba lawama ambazo zilikuwa zangu mimi. Naandika sahii kwa sababu kila wiki kuna kijana ananitumia picha ya Kali Linux aliyoiweka kwenye laptopu ya mtumba, ananiuliza, "Bro, nianze na programu gani?" Zamani nilikuwa namtajia programu. Siku hizi namrudishia swali: kadi ya mtandao ya hiyo mashine yako imechomekwa wapi? Kimya. Tiki mbili za buluu, basi.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaokasirika. Kama huwezi kubadilisha mipangilio ya kadi ya mtandao ya mashine pepe yako kwa kuandika amri, bila kipanya na bila kufuata video, hujafika mahali pa kufungua programu yoyote ya udukuzi. Hata ya mazoezi tu.

Mashine pepe, ile sote tunaita VM, ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta yako. Ina diski yake, memori yake na kadi yake ya mtandao, yote ya kuigiza. Laptopu moja, na ndani yake una Ubuntu, una Kali, una seva tatu ukitaka na RAM ikikubali. Kwa sisi tusio na hela ya kununua vifaa, hii ni neema. Mtu anakaa chumbani Magongo au Mtongwe anajifunza kazi ambayo zamani ungehitaji chumba kizima cha mashine. Lakini ile kadi ya kuigiza inaweza kuunganishwa na mtandao wa kweli, na hapo maigizo yanaisha.

Sasa ya kwangu. Ploti yetu ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, korido katikati, vyumba huku na huku. WiFi tunachanga. Rauta imetundikwa juu ya mlango wa mbele, chini yake kuna swichi ndogo ya matundu matano, na kwa kuwa chumba changu ndo cha kwanza, nilimbembeleza jamaa wa WiFi akaniteremshia waya. Nikajiona nimefika. Wenzangu wanasimama dirishani kutafuta mtandao, mimi nina waya wangu.

Usiku huo nilikuwa najifunza kusimamisha seva ya DHCP. Kama neno ni geni kwako, DHCP ndo huduma inayogawa anwani za IP. Simu yako ikiingia kwenye WiFi haina anwani, kwa hivo inapiga kelele kwa kila aliye karibu: jamani, nani ananipa anwani? Rauta inajibu, shika hii, na ukitaka kwenda nje pitia kwangu. Mambo yameisha, TikTok inafunguka. Utaratibu wenyewe ni wa kitambo. Uliandikwa rasmi 1993, na toleo ambalo mitandao mingi bado inategemea ni la 1997. Na kwa kawaida simu haimuulizi anayeijibu, wewe umetumwa na nani? Anayewahi kujibu ndo anaaminiwa.

Mimi nilikuwa na VM ya Ubuntu ndani ya VirtualBox. Seva imesimama, nimeipa kazi ya kugawa anwani zinazoanza na 192.168.50. Na kadi ya hiyo VM ilikuwa kwenye hali ya daraja, kwenye menyu utaiona imeandikwa Bridged. Kwa nini daraja? Kwa sababu wiki mbili nyuma video moja iliniambia nibonyeze hapo ili mambo yafanye kazi. Nikabonyeza, mambo yakafanya kazi, sikurudi tena kuangalia.

Mwanzoni hakuna aliyeona kitu, manake simu iliyo tayari na anwani haiombi nyingine mpaka muda wake ufike. Halafu stima ikapotea. Ikarudi baada ya kama nusu saa. Rauta ikawaka, simu zote za ploti zikaingia pamoja, zote zikapiga ile kelele kwa mpigo mmoja. Rauta yenyewe ni ya bei rahisi, bado inajinyoosha. VM yangu, iliyokuwa inakula betri ya laptopu na haikulala hata dakika moja, ikajibu. Ikamjibu kila mtu. Shika hii, ukitaka kwenda nje pitia kwangu. Na kwangu hakukuwa na njia ya kwenda popote.

Unajua ile hali ambapo alama ya WiFi imejaa mistari yote lakini hakuna kinachofunguka? Ndo hiyo. Mama wa chumba cha nne huuza madera kwa video za moja kwa moja, wateja wakabaki wanaangalia uso wake umeganda mdomo wazi. Huyo tulicheka naye baadaye. Lakini kuna dada wa chumba cha mwisho anafanya kazi za mtandaoni za kusikiliza sauti na kuziandika, zile za kulipwa kwa dakika ya sauti. Alikuwa na saa mbili za kuwasilisha. Bando lake lilikuwa limeisha, akitegemea WiFi ya kuchanga. Hakuwasilisha. Kazi ikapewa mtu mwingine na alama zake kule zikashuka.

Mimi nilikuwa wapi? Chumbani, nimeziba masikio na muziki, naangalia orodha ya vifaa vilivyopewa anwani na seva yangu inavyorefuka. Wallahi nilifurahi. Nilipiga picha ya skrini. Nilipotulia kusoma majina ndo moyo ukanidondoka: TECNO, Infinix, Redmi, tena TECNO. Nikaizima VM, nikazima taa, nikalala na nguo.

Asubuhi jamaa wa WiFi alikuja na ngazi, akatukanwa kwenye korido mpaka nikaona aibu nikiwa ndani. Siku ya tatu ndo nilisema. Yeye alicheka, akaung'oa waya wangu, na haki yake. Yule dada nilimpelekea bando la wiki. Akaniangalia, akasema, "Kaka, bando si kitu. Nirudishie alama zangu."

Sisi wa Mombasa ingetupasa tuelewe jambo hili kuliko mtu yeyote. Kebo za chini ya bahari zilizoitoa Kenya kwenye intaneti ya setilaiti zilitua hapa kwetu: TEAMS na SEACOM 2009, EASSy mwaka uliofuata. Na Februari 2012 meli moja iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitupa nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS. Haikuwa vita wala udukuzi. Nanga tu, imetupwa na mtu ambaye hakuangalia yuko juu ya nini. Mimi nilikuwa meli hiyo, kwa kiwango cha korido.

Sasa, kadi ya VM inaweza kuchomekwa wapi? VirtualBox ikitengeneza VM mpya huiweka kwenye NAT. Hapo VM inatoka nje kwa mgongo wa laptopu yako. Dunia inaona laptopu tu, na VM yenyewe hupewa anwani ya ndani, mara nyingi 10.0.2.15. Ni sawa na mtoto anayetumwa dukani kwa jina la mamake. Hali ya daraja ni kinyume. VM inasimama kwenye mtandao kama mpangaji mwingine wa ploti, na anwani yake, na sauti yake, na kila mtu anaisikia. Ndugu zetu wa Likoni bado wanavuka na feri wakingoja daraja lao, lakini ndani ya VirtualBox daraja linajengwa kwa neno moja, ndo shida yenyewe. Halafu kuna mtandao wa ndani, intnet, ambapo VM zako zinaongea zenyewe kwa zenyewe na hata laptopu iliyozibeba haimo. Kisiwa bila feri. Kuna na ile ya hostonly, VM na laptopu tu. Ziko nyingine, hizi zinakutosha kuanza.

Seva yangu ya DHCP ilitakiwa kuwa kwenye kisiwa. Ilipaswa kupiga kelele zake huko mpaka ichoke. Na amri ya kuipeleka huko ni mstari mmoja, VM ikiwa imezimwa:

VBoxManage modifyvm "lab" --nic1 intnet --intnet1 "chumbani"

Isome polepole. Badilisha mashine inayoitwa lab, kadi ya kwanza, iwe ya mtandao wa ndani, na huo mtandao uitwe chumbani. Kama VM inaendelea kukimbia na hutaki kuizima, unatumia controlvm badala ya modifyvm:

VBoxManage controlvm "lab" nic1 intnet "chumbani"

Na usiku ule, ningekuwa naijua hii moja tu, ningeokoa sehemu ya heshima yangu:

VBoxManage controlvm "lab" setlinkstate1 off

Hiyo inachomoa waya wa kuigiza. VM inabaki hai, lakini imenyamazishwa. (Kwa walio na Windows: ukiandika VBoxManage ukaambiwa haijulikani, ingia kwanza kwenye folda ya C:\Program Files\Oracle\VirtualBox. Usinitumie ujumbe saa nane za usiku.)

Najua kuna msee anasema, hayo yote si yako kwenye menyu, kubonyeza mara mbili tu? Yako. Na sikatai, ukiacha VirtualBox vile ilivyokuja, kwenye NAT, uko salama kuliko nilivyokuwa mimi. Tatizo ni kwamba kwenye NAT ya kawaida VM zako mbili hazionani, na mazoezi yote ya maana yanahitaji zionane. Kwa hivo mtu anakwama, anatafuta video, video inamwambia daraja, anabonyeza. Kubonyeza hakukulazimishi ujue ulichochagua. Amri inakulazimisha. Huwezi kuandika bridged kwa bahati mbaya, ni lazima ulitafute neno, uandike na jina la kadi ya kweli unayoipandia, na hapo kwenye jina la kadi ndo unajiuliza: kwani huu waya unaenda wapi?

Kitu cha pili ni kwamba unaweza kuuliza. Mimi sahii kabla ya mazoezi yoyote nauliza:

VBoxManage showvminfo "lab"

Inatapika maandishi mengi. Tafuta mistari ya NIC. NIC 1 itakuambia imeshikamana na nini na waya umechomekwa au la. Sekunde kumi. Ningeuliza usiku ule, yule dada angekuwa na alama zake.

Halafu tuongee ukweli kuhusu mashine zetu. Laptopu nyingi tunazotumia huku bara ni za mtumba, RAM 4GB, betri ya kubahatisha. Kuifungua VM na picha yake yote ya dirisha na vipepeo ni kuitesa. Ukiiwasha hivi:

VBoxManage startvm "lab" --type headless

haifungui dirisha kabisa. Inakimbia chinichini, unaingia kwa SSH, memori inapumua. Na bando? Video ya dakika ishirini inakula bando lako ili ikuonyeshe mahali pa kubonyeza, na toleo jipya likija kitufe kimehamishwa. Maelezo ya amri yako ndani ya mashine yenyewe. Andika VBoxManage modifyvm peke yake ikutajie inachokubali, au ndani ya Linux andika man ip. Unasoma hata kama stima imepotea na simu haina kitu. Nashangaa kuona watu wanasema skrini nyeusi ni ya kujionyesha. Kwangu mimi ni kifaa cha maskini.

Kuna na wale wa, AI itaniandikia amri. Sawa, itakuandikia, na mara nyingi itapatia. Lakini itakuandikia uliyoomba. Ukiiambia "nataka VM yangu iwe kwenye mtandao mmoja na simu yangu," itakupa daraja, na itakuwa imejibu vizuri kabisa. Haijui kwamba waya wako unaingia kwenye swichi ya korido yenye dada mwenye saa mbili za kuwasilisha. Hiyo unaijua wewe.

Sasa nirudi kwa vijana wangu wa Kali, manake hapa ndo nina wasiwasi wa kweli. Mazoezi wanayoyapenda ni kuweka Metasploitable, mashine iliyotengenezwa makusudi ikiwa na matundu kila mahali, halafu kuishambulia kutoka Kali. Mazoezi mazuri, mimi mwenyewe nimeyafanya. Jina la kuingilia na nywila yake ni msfadmin na msfadmin, dunia nzima inajua, na waliyoitengeneza wanaonya usiiweke kwenye mtandao usioaminika. Ukiiweka kwenye daraja katika WiFi ya ploti, umefungua nyumba isiyo na mlango katikati ya nyumba za watu. Na Kali yenyewe usidhani NAT inaifunga. NAT inazuia watu kuingia kwako, haikuzuii wewe kutoka. Ukikosea tarakimu moja kwenye anwani unayoichunguza, umeanza kugonga kwenye kompyuta ya jirani.

Jirani huyo anaweza kuwa cyber ya pale stendi, au duka lenye mashine ya malipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ndiyo, sheria inazungumzia kukusudia. Lakini wewe kijana wa Kisauni, laptopu imejaa programu za udukuzi, jaribu kumweleza askari usiku kwamba ulikosea namba. Sote tunajua kijana wa huku anavyotazamwa hata akiwa amebeba mkate tu.

Kwa hivo Kali na Metasploitable zote mbili, kisiwani. Zote intnet, jina moja la mtandao. Hapo hakuna wa kugawa anwani, ni lazima uziandike mwenyewe ndani ya kila mashine, na hapo unajifunza kitu kingine tena:

sudo ip addr add 192.168.77.10/24 dev eth0

Halafu ip addr uone imekaa. Jina la kadi linaweza kuwa tofauti, Ubuntu ndani ya VirtualBox mara nyingi huiita enp0s3, kwa hivo angalia kwanza. Na ukizima ukawasha, hiyo anwani imepotea, manake amri ya ip inaandika hewani. Ya kudumu inakaa kwenye faili, kwa Ubuntu ni ya Netplan. Kuna watu wamekesha wakilaani Linux kwa jambo hili moja.

Nimetaja Netplan, acha niseme na hili ambalo litakusaidia siku ya kupata kibarua. Seva nyingi za kukodi ambazo watu wanaendeshea tovuti zao nazo ni VM, sema ziko kwenye majengo ya data, iwe ni iColo pale Miritini au Ujerumani huko. Unaingia kwa SSH kupitia kadi ileile unayotaka kuibadilisha. Umesimama juu ya tawi unalolikata. Ukikosea, umejifungia nje, na mwenye seva anakupigia simu. Badala ya netplan apply, andika netplan try. Inaweka mabadiliko kisha inakungoja sekunde 120 ubonyeze Enter. Usipobonyeza, labda kwa sababu umeshakatika, inarudisha vile ilivyokuwa. Aliyebuni hiyo lazima naye aliwahi kuilia usiku.

Waya wangu nilirudishiwa mwezi wa tatu baadaye. Jamaa wa WiFi alikuja nayo masharti mawili: nisiwashe daraja, na intaneti ya mtaa ikisumbua niende naye kuangalia. Wiki jana alinigongea. Ploti ya pili kutoka kwetu, WiFi imejaa mistari, hakuna kinachofunguka. Nikaingia na laptopu, nikaomba anwani, nikapewa 192.168.100 na kitu, na rauta yao haigawi hizo. Tukapita mlango kwa mlango. Chumba cha tano akafungua kijana wa kama miaka kumi na saba, masikio yamezibwa, skrini nyeusi nyuma yake.

"Unajifunza DHCP?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama nimemsoma mawazo. Jamaa wa WiFi alikuwa ameshaanza kupandisha sauti, nikamshika mkono, nikaingia ndani, nikaketi kwenye ndoo. Nikamwambia kijana afungue dirisha lingine la amri, aandike VBoxManage list vms.